Maswali ya wasomaji: Msajili wa domeni hupimwa siku ya kuondoka

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: jina la tovuti linunuliwe kwa nani, na likishanunuliwa libaki mikononi mwa nani. Tumechagua sita. Kwanza tuelewane maneno. Domeni, ambayo wengine huiita jina la kikoa, ni lile jina lenyewe linaloishia na .com, .co.tz na kadhalika. Rejista ni daftari kuu la majina yote yenye mwisho mmoja, kwa mfano daftari la .com linatunzwa na kampuni ya Verisign ya Marekani. Msajili ni kampuni yenye kibali cha kuandika jina lako katika daftari hilo. Wakala ni anayeuza kwa mgongo wa msajili. Hostingi ni kompyuta inayohifadhi kurasa zako, nayo ni huduma nyingine kabisa, ingawa mara nyingi vyote huuzwa kwenye risiti moja.

Kamwene wahariri. Tunafungua kampuni ndogo ya kupeleka wageni Ruaha na Isimila. Kuna kampuni ya nje inauza .com kwa dola 1, nyingine dola 14, na kijana wa hapa mjini anataka Sh 60,000 "kila kitu ndani". Tumwamini nani, na tutajuaje kabla hatujatoa hela?
*Waongoza watalii, Iringa*

Kamwene. Bei ya dola 1 ni ya kweli, lakini ni ya kuwavuta ndani tu. Septemba 2024 Verisign ilipandisha bei ya jumla ya .com hadi dola 10.26 kwa mwaka, na msajili yeyote, mkubwa kwa mdogo, anailipa hiyo. Juu yake kuna ada ya ICANN, shirika linalosimamia majina haya duniani, isiyofika robo dola. Anayewauzia kwa dola 1 anatoa zaidi ya dola 9 mfukoni mwake, na atazirudisha kuanzia mwaka wa pili. Kwa hiyo ulizeni bei ya kuhuisha, si ya kununua, halafu mpige hesabu ya miaka mitano. Kama kuhuisha ni dola 22, basi 1 na 22 mara nne ni dola 89. Yule wa dola 14 asiyebadilisha bei atawagharimu dola 70. Bei ya kuhuisha isipoonekana mpaka uweke namba ya kadi, funga ukurasa huo.

Pili, jueni kama mnaongea na msajili au wakala. ICANN inachapisha orodha ya wasajili wote iliowapa kibali, kila mmoja na namba yake: GoDaddy ni 146, Namecheap ni 1068, Tucows ni 69. Kama muuzaji hamumuoni kwenye orodha, muulizeni anasajili kupitia nani. Mnaweza pia kumpima wenyewe. Chukueni jina la tovuti ambayo amewahi kumtengenezea mteja, liandikeni kwenye ukurasa wa lookup.icann.org, kisha tazameni mstari wa msajili. Hapo litatokea jina la kampuni iliyo nyuma yake. Kuwa wakala si kosa. Kampuni nyingi za hostingi ni mawakala na zinafanya kazi safi. Tatizo ni wakala asiyetaka kusema mkubwa wake ni nani, kwa sababu siku akizima simu, huyo mkubwa ndiye mtakayemwandikia.

Jambo la tatu ndilo tunaloliona kubwa kuliko yote, na wanunuzi wengi hulisahau. Siku ya kuuza kila mtu ni mwema, chati inajibiwa usiku wa manane. Msajili anaonyesha sura yake siku mteja anapotaka kuhama. Kwa hiyo ulizeni habari za kuondoka kabla ya kuingia. Waandikieni huduma kwa wateja swali hili, ikiwezekana Ijumaa jioni: "Nikitaka kuhamisha domeni kwenda kwa msajili mwingine, msimbo wa uhamisho naupata wapi, na mnatoza kiasi gani?" Jibu zuri ni fupi: unaingia kwenye akaunti yako, unafungua kufuli inayozuia jina lisihamishwe, unachukua msimbo, yaani neno la siri la kuidhinisha uhamisho, hakuna ada ya kuondoka. Kwa .com, .org na nyingine zilizo chini ya ICANN, msajili anatakiwa akupe msimbo huo ndani ya siku tano tangu uombe kama hujaweza kuuchukua mwenyewe. Wakikujibu kwa maneno ya kuzunguka, kama "wasiliana nasi kwanza tujadiliane", basi mmeshajua.

Mkumbuke pia siku 60. Jina likishasajiliwa, halihami kwa siku 60 za mwanzo, na likihama huanza 60 nyingine. Aliyekosea kuchagua hukaa na kosa lake miezi miwili, kwa hiyo uchunguzi huu ufanyike kabla.

Sasa yule kijana wa Sh 60,000. Huenda ni fundi hodari, na tovuti nzuri inahitaji fundi. Mpeni kazi ya kutengeneza, lakini akaunti ya kwa msajili mfungue ninyi. Kaeni naye meza moja, barua pepe iwe ya kampuni, neno la siri mliandike wenyewe, yeye aelekeze tu pa kubonyeza. Kwenye sehemu ya mmiliki andikeni jina la mkurugenzi, na sehemu ya taasisi jina la kampuni kama lilivyo kwenye cheti cha BRELA. Sehemu ya taasisi ikijazwa, taasisi hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mmiliki. Akikataa utaratibu huu mwanzoni, hata kwa upole, msimpe kazi.

Kwenye kulipa, angalieni visanduku vilivyokwisha wekewa alama. Huko ndiko bei ya dola 14 hugeuka 60: ulinzi wa faragha, barua pepe, cheti cha usalama, kijenzi cha tovuti. Ulinzi wa faragha, unaoficha simu na anwani yako, wasajili wengi wazuri wanautoa bure. Cheti cha usalama cha kawaida pia hutolewa bure na Let's Encrypt kupitia hostingi. Ondoeni alama zote, mlipie jina peke yake.

Baada ya kulipa washeni uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya simu kama Google Authenticator badala ya ujumbe mfupi, maana laini hupotea na hurudishwa kwa mtu mwingine. Zile namba za akiba zinazotolewa siku hiyo ziandikwe kwenye karatasi na zikae pamoja na cheti cha BRELA.

Mnaweza kujiuliza: na msajili mwenyewe akifa? Imewahi kutokea. Mwaka 2007 ICANN iliifutia kibali RegisterFly ya Marekani baada ya malalamiko mengi ya wateja, na majina yakahamishiwa GoDaddy. Ndiyo sababu wasajili wanatakiwa kuweka nakala za taarifa za wamiliki kwa mtunzaji wa nje. Lakini nakala huonyesha kilichoandikwa. Kama mmiliki aliyeandikwa ni fundi wenu, jina litaokolewa vizuri kabisa na kukabidhiwa fundi wenu.

Sisi ni chama cha wakulima wa kahawa. Mwaka juzi tulimlipa mtaalamu atutengenezee tovuti. Simu yake haipatikani, na tumegundua domeni ameisajili kwa jina lake. Jina hilo liko kwenye mifuko yetu ya kahawa. Tufanyeje?
*Katibu wa AMCOS, Mbozi*

Pole sana Katibu. Anzeni leo, maana adui yenu mkubwa hapa ni tarehe ya kuisha.

Andikeni jina lenu kwenye lookup.icann.org na mchape ukurasa wote. Vitu vinne vya kutazama: jina la msajili, tarehe ya kuisha, hali ya jina, na seva za majina zinazotumika, yaani kompyuta zinazoelekeza jina liende kwenye hostingi ipi. Jina na simu ya mmiliki huenda vimefichwa. Tangu Mei 2018 taarifa za watu binafsi hufichwa kwa kawaida, kwa hiyo msishangae. Kama jina linaishia na .tz, utafutaji huo ufanyike kwenye tovuti ya tzNIC, rejista ya majina ya .tz.

Kisha mtafuteni huyo mtaalamu kwa njia zote, kupitia ndugu, mafundi wenzake, hata kanisani kwake, na mkimpata msianze na polisi. Ombeni jambo moja mahususi. Ninyi mfungue akaunti kwa msajili yuleyule, yeye alisogeze jina kutoka akaunti yake kwenda yenu. Kusogeza ndani ya msajili mmoja mara nyingi hakuhitaji msimbo wala malipo, na huisha siku hiyohiyo. Hakikisheni pia anabadilisha jina la mmiliki na barua pepe. Baadhi ya mafundi husogeza jina lakini barua pepe ya mmiliki inabaki yao, na maombi yote ya kuthibitisha yanaendelea kwenda kwao.

Asipopatikana, muandikieni msajili aliyetajwa. Ambatisheni cheti cha usajili wa ushirika, risiti au ujumbe wa malipo ya simu, muhtasari wa kikao ulioidhinisha kazi, na picha ya mfuko wenye jina. Semeni wazi mnachotaka: kubadilisha mmiliki, au angalau barua yenu ifikishwe kwa mmiliki aliyeandikwa. Tusiwape matumaini ya uongo. Msajili si hakimu; wengi watasema wanamtambua aliyeandikwa. ICANN nayo hupokea malalamiko pale msajili anapovunja kanuni, kwa mfano kumnyima mmiliki msimbo wake, lakini haiamui ugomvi wa mteja na fundi.

Kuna utaratibu wa usuluhishi wa majina uitwao UDRP, ulioanza 1999, na WIPO ya Geneva, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, ni mmoja wa waamuzi wake. Ada kwa jina moja na mwamuzi mmoja ni dola 1,500. Lakini ni lazima muonyeshe mambo matatu kwa pamoja: kwamba mna haki ya chapa ya biashara inayofanana na jina hilo, kwamba mwenzenu hana haki nalo, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Fundi aliyelisajili kwa kutumwa na ninyi hataangukia kirahisi kwenye hilo la tatu. Msitumie hela za msimu huko kabla ya kuongea na wakili.

Kama jina liko kwa wakala na wakala ndiye anayedaiwa na msajili wake, hilo si deni lenu. Kanuni za uhamisho hazimruhusu msajili kuzuia jina la mteja aliyekwisha lipa kwa sababu ya madeni baina yake na wakala. Risiti zenu ndizo zitakazoongea hapo.

Wakati hayo yanaendelea, sajilini jina la pili leo, kwa jina la chama. Kama mlikuwa na .com, chukueni .co.tz au .or.tz. Toleo lijalo la mifuko lichapwe na hilo. Na msikae mkisubiri jina la zamani life ili mlidake, kwa sababu zipo kampuni zinazowinda majina yanayoachwa kwa mitambo, nazo hudaka kwa sekunde.

Tovuti ya shule yetu ilikuwa inafanya kazi, ghafla baada ya wiki mbili ikazima. Tumelipia mwaka mzima. Tumeibiwa?
*Mwalimu, Tukuyu*

Hapana, Mwalimu. Hesabu siku tangu ununue: zikikaribia 15, jibu limepatikana. Msajili wa .com anatakiwa athibitishe barua pepe ya mmiliki, na asipopata jibu ndani ya siku 15 analisimamisha jina. Kwenye utafutaji utaona neno clientHold. Fungua sanduku la barua uliyoandika, angalia hadi kwenye takataka, tafuta ujumbe wa msajili, bonyeza. Usipouona, ingia kwenye akaunti uombe utumwe tena. Tovuti hurudi ndani ya saa chache. Kubadilisha barua pepe ya mmiliki kunaweza kuanzisha uthibitisho upya, kwa hiyo mkuu wa shule mpya akiingia, likumbukeni hili. Kwa kuwa ni shule, fikirieni pia .sc.tz, iliyotengwa kwa ajili ya shule.

Nauza mbao. Domeni yangu iliisha siku 52 zilizopita na sikupata taarifa yoyote. Sasa wanadai dola 120 kuirudisha wakati nalipaga 15. Huu si wizi?
*Mfanyabiashara, Mafinga*

Yawezekana si wizi, na yawezekana ni. Utalijua kwa neno moja kwenye utafutaji.

Jina la .com likiisha haliondoki siku hiyo. Kwanza kuna muda wa hadi siku 45 ambapo msajili anaweza kukuruhusu ulipie, kwa bei ya kawaida au yenye nyongeza kidogo. Muda huo anaupanga yeye, na wengine hupiga jina mnada kabla haujaisha. Msajili akilifuta, linaingia kipindi cha ukombozi cha siku 30, na hali yake inaandikwa redemptionPeriod. Hapo rejista yenyewe inamtoza msajili ada ya kurejesha, naye anaongeza yake. Ndiyo maana bei inaruka mara kadhaa. Zikipita siku 30 huja siku tano za pendingDelete, na katika hizo hakuna hela inayookoa. Halafu jina ni la yeyote.

Kwa siku 52 huenda uko kwenye ukombozi. Ukiona redemptionPeriod, dola 120 ni bei chungu lakini ina msingi. Linganisha na bei iliyo kwenye tovuti yao, maana msajili wa ICANN anatakiwa kuchapisha ada za kuhuisha na za ukombozi waziwazi. Ikiwa ni kubwa kuliko iliyochapishwa, nakili ukurasa na ulalamike. Ukiona jina bado liko hai kwa kawaida, hakuna ukombozi wowote, na anayedai 120 anakudanganya. Vyovyote iwavyo, amua leo. Unazo siku za kuhesabu.

Na taarifa? Msajili anatakiwa akumbushe mara mbili kabla ya kuisha, karibu mwezi mmoja na karibu wiki moja, na mara moja tena ndani ya siku tano baada ya kuisha. Kuna makosa mawili ya kawaida. La kwanza, kumbusho lilikwenda kwa wakala, naye akalalia. La pili ndilo tunalokutana nalo zaidi: barua pepe iliyoandikwa ni ya domeni hiyohiyo, kama info@ na jina lako. Jina likizima, na sanduku linazima, kwa hiyo barua ya kukuambia umechelewa inakwenda kwenye sanduku lililokufa. Akaunti ya msajili iwekwe barua pepe ya nje, ya Gmail au nyingine, ambayo unaifungua kila siku kwenye simu.

Tumepokea barua pepe kutoka Asia: kuna kampuni inataka kusajili jina letu la maparachichi kwa .cn na .asia, tujibu ndani ya siku saba au tulipie sisi. Bodi ina wasiwasi.
*Wauza maparachichi nje, Njombe*

Futeni. Hakuna rejista wala msajili anayewajibika kumtafuta mwenye jina linalofanana ili kumuomba ruhusa. Majina hutolewa kwa anayetangulia. Hiyo "kampuni inayotaka jina" ni ya kubuni, lengo ni kuwauzia majina kumi msiyoyahitaji kwa bei ya juu. Ukiuza kweli China, sajili .cn kwa wakati wako, kwa msajili uliyemchagua.

Ndugu yake ni ankara inayofanana na ya kuhuisha, yenye tarehe nyekundu. Mhasibu akiilipa huwa ama amenunua huduma hewa, ama ameidhinisha jina lihamie kwa mtu mwingine. Ofisi iwe na sheria moja: hakuna domeni inayolipwa kwa kubonyeza kiungo cha barua. Andika mwenyewe anwani ya msajili, ingia, ulipe humo. Na kufuli ya uhamisho ibaki imefungwa. Kwenye utafutaji lionekane neno clientTransferProhibited.

Shikamooni. Nina duka la nguo Mwanjelwa, nauza sana kwa WhatsApp. Nataka tovuti. Nichukue .com au .co.tz? Sina kadi ya benki, nina M-Pesa. Na hostingi ninunue hapohapo kwenye domeni? Kuna wanaotoa domeni bure.
*Binti mfanyabiashara, Mbeya*

Marahaba binti. Wateja wako wako Mbeya, Songwe na njia ya Tunduma; .co.tz inakutosha na inasema uko wapi. Ukiweza chukua zote mbili, .com uielekeze kwenye .co.tz, ili asije mtu akasimama mlangoni kwako na jina lako.

Fahamu tofauti yake. Majina ya .tz yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia tzNIC, si ICANN. Zile siku 60, siku tano za msimbo na siku 30 za ukombozi tulizoeleza ni za .com na wenzake. Usimdai msajili wa .co.tz kwa kanuni hizo, soma za .tz. Kwenye tovuti ya tzNIC kuna orodha ya wasajili waliokubaliwa. Jina la muuzaji lisipokuwepo, naye ni wakala, na maswali ya wakala ni yaleyale tuliyowapa wa Iringa: unasajili kupitia nani, mmiliki ataandikwa nani, na nikitaka kuhama inakuwaje.

Malipo yasikupe shida. Wasajili wengi wa ndani hupokea M-Pesa na mitandao mingine kwa shilingi. Kwa wa nje, unaweza kutengeneza kadi ya Visa ndani ya M-Pesa. Ila usitegemee kujihuisha kwenyewe kwa kadi ya namna hiyo: siku ya kukatwa ikikuta salio halipo au kadi imeisha muda, jina halihuishwi, na wewe ulidhani limeshahuishwa. Afadhali ulipie miaka miwili au mitatu. Kwa .com mwisho ni miaka 10.

Ukilipia miaka mingi, fanya ukaguzi huu siku ileile: tafuta jina lako, soma tarehe ya kuisha. Wapo mawakala wanaopokea hela ya miaka mitano na kusajili mwaka mmoja, wakikusudia kuongeza kila mwaka. Wakifunga duka, miaka minne imekwenda nao. Tarehe isipolingana na risiti, dai irekebishwe kabla siku haijaisha.

Hostingi tunashauri uiweke mbali na domeni. Domeni ikiwa kwa msajili mmoja na hostingi kwa mwingine, hostingi ikizingua unabadilisha seva za majina, ambazo kwa kawaida ni mbili, na tovuti inahamia kwingine. Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 48 kuenea. Vikiwa mahali pamoja, anayekudai hela ya hostingi ameshika na jina. Domeni ya bure nayo uiulize: nikiacha hostingi yenu, jina linabaki langu kwa bei gani? Wengine hukutoza gharama yake unapoondoka, wengine huwa wamelisajili kwa jina lao.

Kama tayari uko kwa mtu na unataka kuhama, usianze na msimbo. Anza kunakili rekodi zote za jina: A inayoelekeza tovuti, MX ya barua pepe, na TXT yenye maandishi ya uthibitisho. Wasajili wengine huzima huduma yao ya seva za majina mara tu jina linapoondoka, na aliyehama bila nakala hubaki na tovuti isiyofunguka na barua pepe zinazorudi. Zipange rekodi hizo kwenye seva mpya, zibadilishe, subiri siku mbili, hakikisha barua zinaingia, kisha ndipo ufungue kufuli na kuchukua msimbo. Uhamisho wa .com huchukua hadi siku tano, na unakuongezea mwaka mmoja juu ya tarehe uliyokuwa nayo.

Ukikwama na msajili wa .tz asiyekujibu, ofisi ya TCRA ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko hapo Mbeya. Nenda na risiti, ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya muamala, chapa ya ukurasa wa utafutaji unaoonyesha msajili na tarehe ya kuisha, na nakala za barua ulizomwandikia zikiwa na tarehe.